Sauti Yako Haikuwa Ndogo

Gongo la Mboto,
Jumamosi, saa saba mchana.

Mwanangu Atupele,

Sikuulizi hali, maana chai tumekunywa pamoja asubuhi na nimekuona ukimaliza viazi vyote. Umekwenda kusukwa, na mtu aliyekwenda kusukwa rasta nyembamba harudi kabla ya saa kumi na moja. Nyumba ni yangu. Nimezima redio, nimekaa mezani na daftari la mistari kama mwanafunzi aliyebakizwa darasani kwa kosa.

Kesho alfajiri tutakuwa kituo cha mabasi cha Mbezi Luis, na mchana utakuwa umeshaipita Morogoro, njia ya chuoni kwako Tabora. Mambo ya chandarua, ndoo, nakala za vyeti na namna ya kulinda pochi ndani ya basi, shangazi yako Tusajigwe ameshakuambia mara tatu na atakuambia ya nne. Huko sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka tisa. Nikilianza kwa mdomo nitaligeuza katikati, najijua. Ndiyo maana naandika.

Linahusu ile filamu.

Utasema, baba naye, filamu ya watoto ya tangu niko darasa la tano imetokea wapi leo? Vumilia, mwanangu. Acha nianzie mbali kidogo, kwa sababu nataka mama yako awepo.

Kitabu kiliingia nyumbani kwetu kupitia kwake. Alikuwa akifundisha pale shuleni, na mwaka ule kila mtoto unayekutana naye alikuwa amekisoma au anamsubiri mwenzake amalize. Hadithi ya binti Sikujua na kaka zake wawili, wanaovuka mlima na punda wao kumtafuta babu yao aliyepotea wakati wa mafuriko. Mama yako alikisoma darasani kila Ijumaa, sura moja moja. Shule ile unaijua ilivyo, iko chini ya njia ya ndege, na walimu wengi wakisikia ndege inakuja hunyamaza ipite. Mama yako hakunyamaza. Alipaza sauti juu ya ndege. Wazazi waliokuwa wakipita barabarani walikuwa wakisimama nje ya ukuta kumsikiliza, wengine na mizigo yao kichwani.

Jioni mliigiza hapa sebuleni. Wewe ulikuwa Sikujua, yeye alikuwa kaka wote wawili, mie nilikuwa punda. Sikuwa na neno hata moja la kusema, kazi yangu ilikuwa kukataa kutembea. Nikikwambia kwamba hizo ndizo jioni nilizokuwa na furaha kuliko zote maishani, amini. Nilikuwaga punda mwenye furaha sana.

Halafu tukasikia kitabu kinatengenezewa filamu, na watu wa filamu wanazunguka mashuleni kutafuta watoto. Wewe ulipita shuleni kwenu, ukapita mara ya pili, ukaitwa kwenye usaili wa mwisho kule Kinondoni. Wakati huo mama yako alikuwa haendi tena kazini. Ugonjwa ulikuwa umerudi, safari hii kwenye mifupa, na daktari alikuwa ameniita pembeni akaniambia niwaandae watu wa nyumbani. Sikumwandaa mtu. Hata mimi mwenyewe sikujiandaa.

Siku moja kabla ya usaili, mama yako aliniita chumbani. Alikuwa na ile karatasi ya watu wa filamu mkononi.

"Baba Atu, wakimchukua, aende."

"Ni wiki tisa, mama. Lushoto."

"Najua ni wiki tisa. Nimeisoma. Nasema aende."

"Na wewe?"

"Mie si nina wewe?"

Nikamwambia sawa. Akasema nirudie, niseme nitasaini. Nikasema nitasaini. Akasema mtoto hatakiwi kukaa nyumbani kumtazama mama yake akiisha, huko porini na punda kuna afya zaidi. Alicheka aliposema punda, kisha akashika ubavu kwa maumivu.

Kinondoni nilikupeleka mimi. Mlikuwa watoto saba. Nilikaa nyuma, kwenye viti vya plastiki na wazazi wengine. Mlipewa kusoma pale Sikujua anapofika kwenye pango gizani, anapomwita babu yake. Wenzako walisoma vizuri, sisemi uongo. Wewe uliiweka karatasi chini. Ukasimama, ukaita, "Babu, nimefika! Sema neno moja tu, niifuate sauti yako!" Atu, mlinzi wa getini alikuja kuchungulia mlangoni. Yule dada mwenye miwani ya duara aliyekuwa akiwaandika majina alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mzazi mmoja jirani yangu alisema kwa kunong'ona, "Yesu wangu."

Nilijua palepale kwamba wamekuchukua. Na badala ya furaha, nilianza kuzihesabu zile wiki tisa.

Walinipigia Alhamisi, niko ofisini. Nilitoka nikasimama kwenye korido. Yule dada alikuwa anacheka kwenye simu. Alisema hawakuhitaji hata kujadiliana, wewe ndiye Sikujua, upigaji picha unaanza baada ya wiki mbili, niende kusaini fomu ya ridhaa.

Nikasema, "Hatutaweza."

Akaniuliza kama kuna tatizo, wao wanaweza kusaidia, mzazi mmoja anaruhusiwa kuja kumwona mtoto. Nikasema hatutaweza. Akasema, "Baba, tafadhali, fikirieni siku mbili." Baada ya siku mbili akapiga tena. Nikaona nikimwambia kuhusu ugonjwa atatafuta njia, atasema tumrudishe kila wiki, atasema sijui nini. Kwa hiyo nikasema, "Mtoto mwenyewe hataki."

Walikuchagua, mwanangu. Walikuchagua wewe. Mimi ndiye niliyekataa.

Nimesimama kidogo hapo, nimekwenda kunywa maji. Sasa naendelea, kwa sababu hilo silo baya kuliko yote.

Siku ile ya simu ya pili nilirudi nyumbani nikawakuta sebuleni. Mama yako alikuwa amelala kwenye kochi, wewe uko chini kwenye mkeka unachambua mchele. Akaniuliza, "Wamepiga?"

"Wamepiga. Wamempata mtoto mwingine."

Mama yako alinitazama muda mrefu. Nadhani alitaka kuniamini, na mtu mgonjwa hana nguvu za kubishana na kila kitu. Wewe ulisema, "Sawa, baba," ukaendelea kuchambua mchele. Ukatoa kijiwe, ukakiweka pembeni. Nikafikiri, basi, limepita salama.

Lakini ulinifuata bombani nikiwa nanawa uso. Ukaniuliza, "Baba, nilikosea wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema hukukosea. Nilikuwa nimechoka, Atu, na nilitaka maswali yaishe. Nikasema neno la kwanza lililokuja mdomoni. Nikasema, "Walisema sauti yako ni ndogo."

Sijui ilitoka wapi. Labda kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho hakuna mtu mwenye masikio angeweza kukisema juu yako. Ule uongo wa kwenye simu nilikuwa na sababu yake. Ule wa sebuleni nilikuwa naulinda wa kwanza. Huu wa bombani sikuuhitaji hata kidogo, na ndio uliokaa.

Ulikwenda kumwambia mama yako. Na mama yako, mwanamke aliyekuwa akipaza sauti juu ya ndege, akaamua kwamba kabla hajaondoka atakufundisha kupaza yako.

Unayakumbuka hayo masomo, najua. Ila hujui kwamba mie nilikuwa nayasikia yote. Kila ulipotoka shule alikwambia usimame mlangoni. "Mie niko hapa kitandani, wewe uko pangoni. Niite." Ukamwita. "Sijasikia. Tena." Alikuwa anasikia, Atu. Majirani walikuwa wanasikia. Alisema hajasikia ili uipandishe sauti zaidi. Akawa anakuonyesha namna ya kuvuta pumzi kutoka tumboni, na pumzi yenyewe hana, anakohoa, anakunywa maji, anasema, "Haya, tena." Siku moja nilikuwa uani na ndoo mkononi, nikasikia anakwambia, "Usiwasikilize wale. Itakua tu." Nilisimama na ile ndoo. Kutoka pale hadi mlango wa chumba ni hatua kumi. Maneno yaliyotakiwa hayakuzidi matatu. Nikaenda nikaimwaga ile ndoo kwenye mchicha.

Wiki ya sita ya masomo hayo akatutoka. Huko Lushoto walikuwa bado wanapiga picha. Wewe ulikuwa unamkanda miguu, na alikwambia kwa Kinyakyusa, kama alivyokuwa akimwambia bibi yako, "Ndaga fijo," asante sana, kisha akalala. Tukampeleka kumzika Tukuyu kwenye mvua.

Kuna siku najiambia nilifanya sawa. Ungekuwa mbali. Hungeshika ile miguu. Watu wangesema mengi msibani. Na huenda wewe mwenyewe, ukiulizwa leo, utasema ulipenda kuwepo. Lakini sikukuuliza, na huo ukweli wa kwamba ulikuwepo siwezi kuutumia kama ngao. Maana nikijikagua vizuri sikukuzuia kwa ajili ya mama yako, wala kwa ajili yako. Yeye alisema ana mimi. Mie nilijijua kwamba simtoshi. Niliogopa kubaki peke yangu ndani ya nyumba na mtu ninayempenda anayekufa. Nikamfanya mtoto wa miaka kumi na moja awe mwenzangu bila kumwambia ni kazi gani nampa.

Na mama yako alikwenda akiamini kwamba nilitimiza ahadi na kwamba ni wale watu ndio hawakukutaka. Hilo siwezi kulirekebisha kwa barua.

Filamu ilipotoka ulikuwa darasa la sita. Uliniomba wewe mwenyewe tukaitazame. Nilitafuta visingizio vikaisha. Tukaenda mjini, wewe, mimi na shangazi Tusa, ukanunuliwa bisi hukuzila. Watoto walicheka sana punda alipokataa kuvuka mto, na mimi nikainamisha kichwa. Ilipofika pale pangoni nilikutazama. Midomo yako ilianza kutamka kabla yule binti hajafungua mdomo. Neno kwa neno, bila sauti. Tulipotoka nje kwenye jua ukaniambia, "Amesikika vizuri, baba. Mpaka nyuma kabisa wanasikia. Walikuwa sahihi."

Nikasema, "Twende tukale chipsi."

Nimeomba Mungu anisamehe mambo mengi. Hizo chipsi bado sijui nianzie wapi.

Baada ya hapo nilikuona ukinyamaza kidogo kidogo, kama mtu anayepunguza redio asigundulike. Mwalimu wa kwaya alikuja hapa nyumbani kukuomba, ukasema wewe utapanga viti. Ripoti za shule zikawa zinasema kitu kilekile, anajua lakini haongei. Mkutano wa wazazi ulipoitishwa ukiwa kidato cha tatu, mwalimu wako wa darasa aliniuliza, "Mzee, huyu binti amewahi kutishwa na mtu?" Nikajibu kwamba amefiwa na mama. Kweli, ulikuwa umefiwa na mama. Nilimtumia hata marehemu.

Siku ya mahafali yako ya kidato cha nne nilijiapiza nitasema. Nilivaa suti. Tukapiga picha, ukanishika mkono, ukasema, "Asante baba, umenilea peke yako." Nikaona nikisema pale nitakuharibia siku. Siku zote huwa kuna siku isiyofaa kuharibiwa, nimeligundua hilo.

Kisha mwaka huu matokeo yakatoka, umefaulu vizuri, na shangazi yako akakwambia hapa hapa mezani, "Mwanangu, si usomee ualimu kama mama yako?" Ukacheka. Ukasema, "Shangazi, mie sauti sina. Darasani nani atanisikia? Nikasomee kutunza kumbukumbu. Mafaili hayataki kelele." Watu wote wakacheka. Nilinyanyuka nikasema nakwenda kufunga maji, na maji yalikuwa hayajafunguliwa.

Sina ubaya na mafaili. Yamenilisha miaka ishirini na mbili na wewe yamekusomesha. Kama unayapenda, nenda kayatunze, nami nitajivuna. Lakini nisingeweza kukaa nikijua kwamba umeyachagua kwa sababu ya sentensi niliyoitunga nikiwa na sabuni usoni.

Kilichonisukuma mwishowe ni hiki. Mwezi uliopita nilikwenda Tegeta kwenye sendofu ya kumuaga binti wa mwenzangu kazini anayeolewa, unakumbuka, ulininyooshea shati. Nikiwa kwenye foleni ya chakula, mama mmoja akanigusa bega. Mvi zimeanza, lakini miwani ilikuwa ileile ya duara.

"Samahani. Wewe si baba yake Atupele?"

Nikamwitikia.

"Nimeshasikia watoto wengi sana," akasema. "Ile sauti sijaisahau. Uliposema hataki, tulisimama siku tatu bila kumwita mwingine, tukitumaini atabadilisha mawazo. Hivi kwa nini alikataa?"

Miaka yote hiyo, Atu, mahali fulani kulikuwa na mtu anayeamini kwamba wewe ndiye uliyewakataa wao, na hapa nyumbani kulikuwa na wewe unayeamini kwamba wao ndio waliokukataa. Na mimi nimekaa katikati nakula ugali.

Nikamwambia, "Hakukataa. Hakuambiwa."

Akaiweka sahani yake mezani. "Na sasa anajua?"

"Bado."

Hakunilaumu. Alisema tu, "Mmh, baba," akaondoka kwenye foleni, na chakula hakuchukua tena.

Jumapili yake nikaenda kwa shangazi yako nikamweleza yote. Unamjua dada yangu, si mtu wa kulia. Alilia kwanza. Kisha akasema, "Kaka, mwambie kabla hajapanda gari. Na usimwambie ili upate usingizi wewe. Mwambie kwa kuwa ni chake." Nimelifikiria hilo neno kila siku tangu hapo. Kwa hiyo sikuombi unisamehe katika barua hii. Ukija kunisamehe, iwe siku yako na kwa wakati wako, hata miaka tisa ipite. Ninachofanya hapa ni kukurudishia kitu chako.

Haya ndiyo yako. Ulichaguliwa kati ya watoto saba, na hawakujadiliana. Mlinzi aliacha geti. Mtu mzima alisahau mambo mengi ya kazi yake lakini hakusahau ulivyoita. Mama yako hakukosea hata siku moja juu yako. Na kila mara uliponyamaza darasani ukidhani hutasikika, ulikuwa unatii amri ya mtu aliyekuwa anaogopa, na mtu huyo ni mimi.

Sikuambii uache chuo. Sikuambii uende kwenye filamu, au ualimu, au mahakamani, au popote. Nimeshaamua mengi yasiyokuwa yangu. Nenda Tabora, ukifika huko utazame mwenyewe unataka nini sasa unapojua. Ukibadili nia katikati ya mwaka, nipigie tu uniambie umebadili nia. Sitauliza kwa nini.

Nilichojifunza mimi ni kidogo na nimekinunua ghali. Nilidhani kumpenda mtu ni kumzuia asiumie, na kila nilipokuzuia, aliyekuwa hataki kuumia alikuwa mimi. Utakutana na watu watakaokupenda namna hiyo. Wengine watakuwa wazuri kwelikweli, watakupikia, watakusubiri kituoni. Sikwambii uwakimbie. Ila wakikwambia kitu kinachokupunguza, waulize wamekisikia kwa nani.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya begi lako, katikati ya mashuka, uikute ukiwa umeshafika Tabora na mimi niko mbali. Nimeshaikunja mara moja hivyo. Halafu nikaona ni yaleyale, nakuambia nikiwa nimejificha. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, ukirudi, kabla hatujala. Usiniambie utaisoma baadaye. Isome hapa mezani mpaka mwisho, taratibu, kisha useme chochote unachotaka kusema, au usiseme. Kama kesho utataka shangazi ndiye akusindikize, nitabeba mizigo mpaka kwenye gari lake na nitarudi ndani.

Sitatoka nje kufunga maji. Nitakuwa nimekaa mbele yako.

Baba yako.